Roshanara na Filamu Waliyoisahau Waayalandi

Katika ghorofa lile la Don Mills, mjini Toronto, palikuwa na watu wa kila sifa. Palikuwa na aliyewahi kuwa na kiwanda cha soda Mwanza, palikuwa na aliyewahi kumnyoa gavana, na palikuwa na aliyekuwa daktari mpaka Kanada ilipomwambia hapana, wewe si daktari, kaendeshe teksi. Wote hao waliaminiwa. Mtu akikwambia alikuwa na kiwanda Mwanza, nani atapanda ndege akahesabu chupa? Aliyekosa kuaminiwa ni mmoja tu, Roshanara mke wa Sadrudin, wa ghorofa ya tisa, naye alidai jambo dogo kuliko yote: kwamba siku moja, kule Ireland, alipita mbele ya kamera ya filamu.

Alipita tu. Hakusema ameimba, hakusema amebusiwa. Mwaka wa sabini na moja Sadrudin alikuwa Dublin akisomea ufamasia, na Roshanara alikuwa bi harusi aliyetolewa Tanga kwenye jua lake akatupwa kwenye mvua ya wenyewe. Wakaenda kununua mkate. Wakakuta mtaa umefungwa, taa kubwa zimewashwa mchana, waya zimetandazwa, na watu wengi wanakimbia huku na huko bila kazi, ndipo wakajua hapa panapigwa filamu. Bwana mmoja mwenye kipaza sauti akamwona Roshanara na sari yake, akaruka kama aliyeokota lulu kwenye mtaro. Kumbe ndani ya filamu yao mlikuwa na mshamba anayeingia mjini mara ya kwanza, na bwana yule alitaka watazamaji wajue kuwa hapa sasa ni mjini kweli kweli. Mwanamke wa Kihindi mwenye mkate kwapani angetosha kabisa.

"Akaniambia pita hapa, halafu geuka," Roshanara alikuwa akisimulia. "Nikapita. Nikageuka. Sari ya kijani, na viatu vya mahameli vilivyotariziwa uzi wa dhahabu." Hapo kwenye viatu ndipo alipokuwa akikaza sauti, utadhani filamu yote ilipigwa kwa ajili ya viatu. "Mahameli, Nazmin bai! Kwenye mvua ile!"

Nazmin, jirani wa mlango wa pili aliyemwita bai kwa maana ya dada, aliitikia "Ajabu!" kila mara, maana alikuwa mtu wa kuitikia.

Filamu yenyewe iliitwa Baiskeli ya Marehemu. Ilionyeshwa Dublin wiki moja, na wiki yenyewe mabasi yamegoma. Sadrudin akasema mitihani kwanza, wewe nakuona kila siku. Alipomaliza mitihani, ukumbi ule ulikuwa umeshaweka Wamarekani na farasi wao. Basi, ikawa ndiyo mwisho wake. Waayalandi wale wana nyimbo, wana mashairi, wana baa kila kona, wote wanavikumbuka vizuri. Filamu zao wakazisahau kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye basi.

Roshanara alipofika Toronto akadhani atapata mashahidi, kwa kuwa mji umejaa Waayalandi. Akamuuliza daktari wa meno, mdomo ukiwa wazi. Akamuuliza mtawa mmoja wa kliniki. Akamuuliza dereva wa basi aliyekuwa na nywele nyekundu, akaja kujua baadaye kwamba ni Mreno. Waayalandi wa Toronto walizijua filamu zote ambazo Wamarekani wametengeneza kuhusu Ireland, majani mabichi na watu walevi wenye roho nzuri. Zile walizotengeneza Waayalandi wenyewe, kuhusu mvua yao na ugomvi wao, hawakuwa na habari nazo. Wakimsikiliza walitabasamu na kumwambia, "Bibi, labda ilikuwa Uingereza."

Uingereza! Alikaribia kumng'ata daktari kidole.

Alichokuwa nacho ni Sadrudin. Mume huyo alikuwa mtu wa maneno machache. Mkewe akisimulia, yeye alishusha gazeti kidogo, akasema, "Ni kweli, nilikuwepo," akalipandisha. Mtu ambaye hata forodhani alifungua sanduku kabla hajaambiwa, akisema ni kweli, ni kweli. Lakini mwaka wa elfu mbili na tano Sadrudin akafariki, na kesi ikabaki bila shahidi.

Na Bilkis alikuwa anaingoja siku hiyo.

Bilkis wa ghorofa ya nne alikuwa mjane pia, mnene, magoti yamekwisha, ulimi haujaguswa. Baba mkwe wake alikuwa na sinema Tanga. Kwa hiyo Bilkis ndiye aliyekuwa bingwa wa filamu, kwa ndoa. Enzi zake kila Jumatano mchana sinema ile ilikuwa ya wanawake peke yao: mabuibui, sari, watoto wachanga, kababu, chupa za chai, na kumtukana mama mkwe wa kwenye filamu kwa sauti mpaka akome. Bilkis alikaa juu kwenye boksi la familia. Nusu ya picha taa zikawashwa, intavali, watu wote wakatoka kula. Aliamini mpaka leo kwamba filamu isiyo na intavali si filamu, ni hotuba.

"Filamu nazijua," alisema Jumatano moja kwenye chai ya wazee, chini ukumbini, mbele ya watu. "Filamu ambayo hata wenyewe waliotengeneza hawaijui, hiyo haipo, Roshan bai."

"Sadrudin alikuwepo."

"Sadrudin, Mungu amrehemu, alikuwa mpole. Mwanaume mpole husema ndiyo ili apate kula kwa amani."

Roshanara akaweka kikombe. Yeye kuitwa mwongo alishazoea, tena kwa upande mwingine kulimpa kazi ya kufanya. Lakini sasa ameitwa mwongo maiti, mtu asiyeweza kushusha gazeti akajibu.

"Sikiliza, Bilkis bai," akasema. "Nitaitafuta filamu hiyo. Ikionekana nami simo, kiti changu cha mbele ni chako, na neno Dublin hutalisikia kwangu mpaka nizikwe."

Watu wakatazamana. Kiti cha mbele! Kila masika wazee walikodiwa basi kwenda kuyaangalia maporomoko ya Niagara, kana kwamba yangeweza kuwa yamebadilika, na kiti cha nyuma ya dereva, penye kioo kipana na nafasi ya kunyoosha miguu, Roshanara alikishika tangu safari ya kwanza. Hakukipata kwa haki yoyote. Alikikalia tu, akakazia macho kila aliyekaribia. Bilkis na magoti yake alikitamani kama watu wanavyotamani Makka.

"Na ukiwamo?" akauliza Bilkis.

"Utasema mbele ya hawa hawa: Sadrudin hakusema uongo."

"Nitasema hata kwa kipaza sauti. Lete filamu."

Kusema ni rahisi. Ukapita mwaka, ukapita mwingine, na Bilkis kila Jumatano akiuliza filamu imefika wapi, imekwama forodhani? Ilikuwa ni Shafina, binti wa Roshanara, mfanyakazi wa benki, mtoto mzuri ila anaelewa Kiswahili chote na kukijibu chote kwa Kiingereza, aliyekuja na karatasi iliyong'olewa kwenye ubao wa maktaba. Bahati ya watu wa benki hiyo: mama anatafuta miaka na miaka, yeye anapita tu kuchukua kitabu.

Upande wa mashariki, kwenye barabara ya Danforth, klabu moja ya Waayalandi ilikuwa ikionyesha kila mwezi filamu ya kwao iliyosahauliwa. Mwenye kuiendesha aliitwa Mista Cormac, mzee mwembamba, fundi wa lifti aliyestaafu. Roshanara akamfanya Shafina apige simu pale pale. Mista Cormac akasema ndiyo, Baiskeli ya Marehemu inakuja Februari, Jumapili mchana. Imebaki nakala moja tu inayoonyeshika, viungo vyake vimebandikwa utepe kama mzee aliyevunjika mbavu, na wenyewe Dublin wameituma kwa sharti: ipite kwenye mashine mara moja tu, kisha irudi kwenye mkebe wake.

"Ni filamu nzuri?" Shafina akauliza.

"Binti yangu," akajibu Mista Cormac, "mimi naonyesha zilizosahauliwa. Kama ni nzuri tutajua tukiisha kuiona."

Likazuka tatizo. Ukumbi ulikuwa juu ya baa.

"Juu," Roshanara akawaeleza wanawake wenzake. "Si ndani. Juu. Mbingu pia iko juu ya baa."

Wakakubali. Wangekosaje? Basi Jumapili ile, theluji imekuwa tope la kijivu barabarani, magari matatu yakamwaga wanawake wa Don Mills mbele ya baa, sari chini, makoti juu, kila mmoja ameshika kitu. Walioalikwa wamealikwa kwenye picha, na picha haiendwi mikono mitupu. Mwalikaji ndiye anayelisha. Hiyo ni sheria ya Tanga na haikuachwa uwanja wa ndege. Roshanara alikuwa ameamka alfajiri kukaanga. Kababu sinia mbili, sambusa, chipsi za muhogo zenye pilipili na ndimu, chupa za chai ya maziwa zilizopangwa kwenye ushoroba kama askari. Mlangoni Mista Cormac akatazama masinia, akatazama ngazi zilivyojaa, akavua kofia. Waayalandi wenyewe waliokuja walikuwa wachache kuliko sambusa, wazee watupu, mmoja tayari amesinzia.

Bilkis alipandishwa ngazi na watu wawili, akihema, akachagua kiti cha katikati kabisa.

"Ya Ali Madad, Bilkis bai," akasema Roshanara, kwa salamu ya madhehebu yao.

"Mowla Ali Madad. Kababu umetia chumvi?"

Taa zikazimwa, picha ikaanza. Nyeusi na nyeupe. Ndugu wawili wamefiwa na baba, baba ameacha baiskeli moja. Mkubwa amechukua magurudumu, mdogo amechukua iliyobaki. Hawasemeshani. Mvua inanyesha. Mkubwa anakula viazi akitazama dirishani. Mdogo anakula viazi akitazama dirishani. Mvua inanyesha.

"Wimbo unakuja lini?" akanong'ona Nazmin, kwa ule mnong'ono wake unaosikika mpaka mtaani.

"Hakuna wimbo."

"Wake zao wako wapi?"

"Hawajaoa."

"Basi ndiyo maana!" Nazmin akatoa hukumu, na safu nzima ikaafiki. Mama mmoja akamwambia ndugu mdogo wazi wazi, kwa Kiswahili, ampe mwenzake fremu yaishe. Mwayalandi mmoja wa safu ya mbele akageuka kukemea, akaona nyuso zile, akageukia mbele. Mwingine alianza kufuta machozi, kwa viazi au kwa baiskeli haikujulikana.

Roshanara alikaa wima, mikono juu ya mkoba. Mkubwa akafunga magurudumu mgongoni kwa kamba, akasema anakwenda Dublin kumtafuta wakili. Roshanara akasogea ukingoni mwa kiti. Dublin! Treni ikaonekana, moshi ukajaa picha yote, na pap! Skrini ikawa nyeupe na taa za ukumbi zikawashwa.

Sasa, Mista Cormac alikuwa na mashine moja tu. Rili ya kwanza, yenye nusu ya filamu, ikiisha anawasha taa, anaitoa, anafunga ya pili, anazima taa, na watu wake huwa wanamngoja wametulia kama kanisani. Akasema, "Dakika moja tu, mabibi na mabwana." Lakini nani alimsikia? Taa zimewaka katikati ya picha! Hata mtoto wa Tanga anajua maana yake. Wanawake wakainuka kwa pamoja na kelele za viti, "Intavali! Intavali!", wakamiminika ushorobani. Wapo waliokwenda kupanga foleni ya choo. Na Roshanara mwalikaji, ambaye mahali pake ni penye sinia, akaenda penye sinia. Asingeweza kufanya vingine hata kama ukumbi ungewaka moto. Harufu ya kababu ikarudi ndani ikawapitia wale wazee wa Kiayalandi, wakatazamana, wakainuka mmoja mmoja kwa aibu kidogo. Aliyesinzia akaamka akawapita wote.

Mista Cormac akazima taa, akawasha mashine, akasikiliza inavyozunguka, akaridhika. Halafu naye, binadamu, akaja kuonja sambusa moja. Akaonja tatu.

"Mnatoka wapi hasa?" alikuwa akiuliza mdomo umejaa. Roshanara alikuwa akimmiminia chai na kumweleza Tanga iko upande gani, alipoona kupitia mlango uliobaki wazi mwanga unacheza ukutani.

"Hiyo nini?"

"Rili ya pili, mama."

Chupa ya chai ikashuka mezani kwa kishindo. Alipoingia mbio na sari mkononi, mshamba alikuwa ofisini kwa wakili, magurudumu yako juu ya meza. Labda bado, akajiambia, labda atatoka nje. Akakaa. Wengine wakarejea wakitafuna. Mshamba akatoka kwa wakili, akapanda treni, akarudi kwao kwenye mvua yake. Ndugu hawakupatana. Baiskeli ikaota kutu. Mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi mpaka Mwayalandi aliyeamka alipoanza.

"Pengine walikukata, Roshan bai," akasema Nazmin kwa huruma, na huruma ile ilichoma kuliko matusi.

Roshanara akamwendea Mista Cormac. Akamwambia arudishe nyuma kidogo tu, pale treni inapofika. Mzee akawa mwekundu mpaka masikioni. Alikuwa ameahidi Dublin mara moja tu, utepe ungeachia, nakala ni hiyo hiyo. Roshanara alikuwa mbishi, lakini mtu aliyetoa ahadi alimtambua akimwona, kwa kuwa hata yeye alikuwa ametoa ya kwake.

Akageuka. Katikati ya viti vitupu Bilkis alikuwa amekaa pale pale alipowekwa. Magoti yale hayakuwa ya kuinuka kwa intavali, na kababu za mtu mwingine hakuwahi kula katika maisha yake, maana kababu kwake ni za mkono wake, nyingine ni majaribio. Watu wakangoja aseme lake. Bilkis akatazama skrini nyeupe, akatazama mkoba wake, akasema, "Nisaidieni ngazi." Basi.

Miezi yote iliyobaki ya baridi neno Dublin halikusikika ghorofa ya tisa. Jumatano Roshanara alishuka kunywa chai, akaulizwa habari za mguu wake na bei ya nyanya, akajibu. Usiku aliitazama picha ya Sadrudin ukutani na kuikosea adabu: "Ungekwenda kuiona wiki ile, wewe na mitihani yako."

Mwezi wa tano basi la Niagara likaja. Roshanara akapanda wa kwanza kama kawaida, akafika kwenye kiti cha mbele, akakigusa mgongo, akapita. Akakaa safu ya pili. Hakuahidi kwenda mbali zaidi ya hapo. Bilkis akapandishwa, akashushwa kitini, akanyoosha miguu yote miwili, akatoa sauti ya mtu aliyefika peponi na kukuta pameshafagiliwa.

Wakapita Mississauga. Wakapita Oakville. Roshanara alitazama kisogo cha Bilkis kwa kuwa hapakuwa na kingine cha kutazama. Karibu na Hamilton kisogo kikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka viti vya nyuma:

"Roshan bai. Viatu vyako vya mahameli, vilitariziwa kwa uzi gani vile?"

"Dhahabu," akajibu Roshanara kwa ubaridi. "Kwa nini?"

"Hapana, nauliza tu. Maana yule mwanamke niliyemwona mimi anapita na mkate alikuwa amevaa gambuti."

Basi zima likageuza masikio.

"Gambuti kubwa, za kiume," akaendelea Bilkis akitazama barabara. "Zinamfika magotini. Anatembea kama bata. Sari ameipandisha, mkate ameubana kama anauiba, na alipogeuka akaikodolea kamera macho, jambo ambalo haliruhusiwi, mtoto yeyote wa wenye sinema anajua. Sasa wewe ulisema mahameli. Kwa hiyo huyo si wewe. Au ni wewe?"

Mtego gani huu! Miaka yote alivaa mahameli kwenye hadithi, mpaka mahameli yakawa kweli. Yule bwana wa kipaza sauti alimwapia kwamba miguu haitaingia kwenye picha. Akikataa gambuti, filamu imekwenda, na Sadrudin ni mwongo kaburini. Akizikubali, Don Mills nzima itamwita bata mpaka siku ya mwisho. Nazmin alikuwa ameinuka nusu kitini ili asikose.

"Zilikuwa za Sadrudin," Roshanara akasema. "Mtaa ulijaa maji. Alinivua vyangu, akanivisha vyake."

"Semea juu, nyuma hawasikii."

"Gambuti! Nilivaa gambuti za mume wangu! Mmeridhika?"

Kicheko kikapasuka basi zima, dereva naye akacheka bila kujua kitu. Bilkis akangoja kitulie, kama mtu aliyezoea kumbi. Kisha akageuka kiwiliwili, kazi kubwa kwa mwili ule, akawakabili watu.

"Basi sikilizeni. Sadrudin hakusema uongo. Nimesema." Akamgeukia Roshanara. "Tena na yeye yumo."

"Nani yumo?"

"Mumeo. Nyuma yako, mlangoni kwa duka la mkate. Kijana mwembamba mwenye miwani, amesimama juu ya gazeti, soksi tupu. Amekumbatia viatu vya kike kifuani kama mtoto mchanga anayenyeshewa."

Roshanara akaushika mgongo wa kiti cha Bilkis. Yeye siku ile alikuwa ameikazia macho kamera, na nyuma yake hakutazama.

"Ulijua tangu Februari," akasema. "Ukanyamaza."

"Nilitaka kukaa mbele mara moja kabla sijafa. Nimekaa. Na kiti sirudishi, magoti hayana habari na filamu."

"Kaa nacho. Alikuwa anacheka?"

"Nani?"

"Sadrudin, Bilkis bai! Usinitese. Anza mwanzo, treni inapofika."

Bilkis akajiweka sawa. Akaanza na moshi, akaja kwenye taa za mtaani, kila tone la mvua akalipa haki yake, mshamba na magurudumu yake mgongoni akitafuta njia. Akamleta Roshanara kona, gambuti moja, gambuti ya pili. Watu walikuwa wamehamia viti vya mbele, wamesimama kwenye njia, dereva anawafokea wakae. Akafika mlango wa duka la mkate. Mlango ukafunguka. Kijana akainua uso.

Hapo akaweka mikono juu ya tumbo.

"Haya! Akainua uso, halafu?" akapiga kelele Roshanara.

"Intavali," akasema Bilkis, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Lete hizo kababu zako nione kama zina chumvi."

Roshanara alikuwa tayari anafungua kopo.